Spika Ndogo ya Mama Evodia

Kila akitoka shule, Batuli alipitia kibandani kwa baba yake, Mzee Abdulnasiri, fundi wa redio za magari pale Dodoma mjini. Alivaa koti la kazi lililomfika magotini, akaanza kumenya nyaya. Miaka ile bidhaa za Dubai zilikuwa zimeanza kumiminika madukani, na kila mwenye gari alitaka muziki.

Alasiri moja Mama Evodia, karani wa serikali, aliacha gari lake lifungwe spika mpya: kubwa, ndogo, na kijiboksi cha kuchuja sauti.

"Spika ndogo haistahimili sauti nzito," baba alimwonya Batuli. "Waya wake lazima upitie kwenye kijiboksi. Nisubiri nikaswali."

Asubiri? Thubutu! Rafiki yake Salha alikuwa anamtazama, naye alitaka aonekane fundi. Akaiunga spika ndogo moja kwa moja kwenye redio, akafungulia sauti hadi mwisho. Spika ikakoroma, ikafuka moshi, ikazima. Salha akatimua mbio.

Baba aliporudi, Batuli akasema, "Baba, hii ndogo imekuja mbovu."

Lo! Baba akaichukua hadi dukani kwa Hanifu, rafiki yake tangu utotoni, aliyekuwa amemuuzia spika hizo. Batuli akamfuata nyuma.

"Hanifu, hata wewe umeanza kutuuzia feki?"

Duka lilijaa wateja. Mmoja akairudisha mezani redio aliyotaka kuinunua, akaanza kuondoka.

"Wallahi, mzigo huu nimeufungua leo," Hanifu alisema.

Batuli aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Mtu mwema anadhalilishwa kwa uongo wake!

"Baba, ni mimi," akasema huku akilia. "Niliiunga bila kijiboksi."

Baba akavua kofia.

"Hanifu, nimekuvunjia heshima mbele za watu. Mbele ya watu haohao, nakuomba radhi."

Kumwona baba yake akiinama kwa ajili yake kulimuuma Batuli kuliko fimbo.

"Nisamehe, Mzee Hanifu," alinong'ona.

"Yamekwisha, mwanangu," Hanifu alijibu, akamwita yule mteja arudi.

Baba alinunua spika nyingine, akamkabidhi Batuli aifunge mwenyewe, safari hii kupitia kijiboksi.

"Kuunguza spika si ajabu," alimwambia. "Hata mimi nimeunguza nyingi nikijifunza. Spika nyingine ipo dukani. Jina la mtu likiungua, utalinunua wapi?"