Mlango wa Kushoto

Asubuhi ile Kasulu ilikuwa na baridi yake ya kawaida ya mwezi wa sita, na mjomba Fidele alifika gerejini mapema kama siku zote. Alikunja turubai, akapanga nyundo za mpira na za chuma juu ya meza, akakwangua ubao wa kuchanganyia puti ya kuzibia bati. Ulikuwa mwaka 1996. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na shamba huko Heru Juu, lakini pale gerejini alikuwa bado mwanafunzi, na Asia, mama aliyewauzia chai, hakumpa nafasi ya kusahau.

"Fundi nusu, karibu chai."

"Nusu ipi, dada Asia?"

"Nusu ya kula. Ya kunyoosha bodi bado tunaisubiri."

Fidele alicheka naye, ingawa jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mkewe, Jeanne, alikuwa na mimba kubwa. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa nyuma ya nyumba yao kabla hata ya kubatizwa, na safari hii daktari alimkataza Jeanne kushika jembe. Shamba la mihogo halilimwi na mtu mmoja. Ndiyo maana Fidele alikuwa ameomba kujifunza kazi ya bodi na rangi, na fundi Reverien, mwenye gereji, alikuwa amemwahidi: siku atakayomaliza gari moja peke yake, tangu kugonga hadi rangi ya mwisho, atapewa kazi ya fundi kamili.

Reverien alifundisha kwa kumfunga mwanafunzi macho. Alichukua kitambaa cha kufutia mikono, akakizungusha kichwani mwa Fidele, akamwekea kiganja juu ya bati.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, fundi."

"Basi hujaanza. Rangi itakudanganya, na jua litakudanganya. Pitisha mkono polepole. Bonde la bati linaanzia wapi? Linakunjia wapi? Ukilijua kwa mkono, nyundo itafuata."

Hivyo Fidele akajifunza. Ilifika wakati aliweza kutambua mlango wa gari alilowahi kulinyoosha kwa kuugusa tu.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Reverien hakuitania. Gari alimofia mtu halikugongwa mpaka ndugu wa marehemu waje kumtoa mtu wao. Walikuja na tawi bichi, wakamwita kwa jina, wakaliburuta tawi hadi nyumbani bila kusema neno wala kugeuka. Kabla ya hapo, mkono wa mlango ulifungwa ukamba wa mgomba mkavu. Aliyeuona ukamba ule alilipita gari.

Pikapu nyeupe ya Sylvesta, mfanyabiashara wa maharage wa Kibondo, ililetwa ikiwa na ukamba ule. Iligonga mti kwenye kona ya Busunzu. Mwanamke aliyekaa kushoto alifia pale pale, amebanwa na mlango. Jina lake lilikuwa Ntirampeba. Bonde lilikuwa pana, limeingia ndani kama bega la mtu, na chini yake kulikuwa na mikunjo mitatu iliyokwenda sambamba.

Reverien alikuwa anaondoka kwenda Kigoma kutafuta rangi. "Hiyo usiiguse," alisema. Akaondoka.

Sylvesta akaja kesho yake. Alikuwa na tenda ya kupeleka chakula kambini kwa wakimbizi, na tenda hiyo ilikuwa karibu kupewa mwingine.

"Wewe si fundi?"

"Ni fundi, mzee. Lakini ndugu zake hawajaja."

"Ndugu zake wapo matangani. Watakuja lini? Ninyi si watu wa kanisa? Mnaogopa kamba ya mgomba?"

Fidele aliitazama pikapu. Gari zima lilikuwa sawa, isipokuwa ule mlango. Kazi ya mtu mmoja. Alimfikiria Jeanne akiinama shambani asubuhi ile, maana alijua kwamba akitoka tu nyumbani, Jeanne huchukua jembe.

Akatoa kisu, akaukata ukamba.

Alitoa kitambaa cha ndani ya mlango, akashikilia chuma kizito upande mmoja na kugonga upande wa pili, akianzia pembeni kuelekea katikati kama alivyofundishwa. Bati la gari hulia likigongwa. Lile halikulia. Lilitoa sauti nzito, fupi, kama mtu anayegonga gunia lililojaa. Na lilikuwa na joto, ingawa lilikuwa kivulini.

Jioni alimkuta Jeanne amekaa kizingitini, mkono ubavuni.

"Umelima tena?"

"Sijalima. Nimeshtuka tu, kama nimegongwa. Halafu tena. Halafu tena. Mchana kutwa."

Kesho yake bonde lilipanda, likabaki kidogo. Siku iliyofuata likaisha, ikabaki mikunjo. Fidele aliipiga kwa nyundo ndogo, akapaka puti, akapiga msasa, akapaka puti tena. Alipofumba macho na kupitisha kiganja, mlango ulikuwa laini kama yai. Akapuliza praima, kisha nyeupe. Hata Asia alikuja na sinia lake akasimama kutazama.

"Haya, nusu nyingine imepatikana," alisema. Kisha akaona kipande cha ukamba mchangani. Hakutania tena siku ile.

Sylvesta alichukua gari lake akaenda.

Fidele alirudi nyumbani anaimba. Jeanne alikuwa kitandani, amegeukia ukutani.

"Nipake mafuta hapa kushoto," alinong'ona. "Panauma."

Chumba kilikuwa na kiza. Fidele alimimina mafuta mkononi, akaweka kiganja ubavuni mwa mkewe. Akakipitisha polepole.

Mkono ukasimama.

Akaanza tena, juu. Paliingia ndani, pana, kama bega la mtu. Akashuka. Mkunjo. Mkunjo wa pili. Wa tatu. Alijua ulipoanzia na ulipopindia. Alikuwa ameupiga kwa nyundo mchana ule ule.

"Fidele," alisema Jeanne, bila kugeuka. "Mtoto hachezi."

Hospitalini muuguzi alipapasa tumbo, akasikiliza kwa kile chombo chao cha mbao. Alisema moyo wa mtoto unasikika, ila kwa mbali. Ubavu wa Jeanne haukuwa na jeraha wala mfupa uliovunjika. Alimpa dawa ya maumivu, akamlaza siku mbili. Muuguzi alipomfunika shuka, Fidele alimwona anafuta mikono yake kwenye gauni, mara mbili, kama mtu aliyegusa kitu asichokitaka.

Siku ya pili, alipomrudisha Jeanne nyumbani, Fidele alikimbilia gerejini. Reverien alikuwa amerudi, ameketi na makopo yake ya rangi.

"Uliukata wewe?"

"Niliukata, fundi."

Reverien hakumkaripia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Mama yake alikuja jana na tawi," alisema taratibu. "Akakuta gari limeondoka. Nenda Busunzu. Nenda sasa hivi."

Alipata lori la mbao, akashuka Busunzu adhuhuri. Bibi Niyibizi, mama wa Ntirampeba, alikuwa anaanua maharage uani. Wazazi wa Fidele walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili kama bibi yule. Walisalimiana kwa lugha ya nyumbani. Baada ya hapo Fidele alipiga magoti.

"Wewe ndiye fundi," alisema bibi.

"Ndiye mimi, mama."

"Nilikwenda hadi Kibondo, nikaliona gari. Zuri, linang'aa. Nikamwita mwanangu pale mlangoni. Haitiki." Aliweka ungo chini. "Ulimtoa pale. Ukamweka wapi?"

Fidele alimweleza habari za Jeanne. Alimweleza na makaburi mawili nyuma ya nyumba. Bibi alisikiliza, akachezesha punje za maharage kwa kidole.

"Mama, ndagusavye. Nakuomba. Nitoe nini?"

"Mimi sitaki kitu chako. Namtaka mwanangu, na siwezi kumchukua ndani ya mwanamke aliye hai. Mrudishe ulikomtoa. Nitamchukua hapo."

Akakata tawi la mti uliokuwa nyuma ya nyumba, akajifunga kitenge, wakaondoka pamoja.

Pikapu waliikuta imeegeshwa Kibondo, nyuma ya ghala la Sylvesta, haina mzigo. Fidele alikuwa ameandaa maneno ya kuomba. Hakuyahitaji. Sylvesta alimtazama bibi, akalitazama tawi, akasogea karibu na kusema kwa sauti ya chini:

"Hakuna anayekubali kukaa kushoto. Utingo wangu amekimbia. Kile kiti kina joto, fundi. Kila nikiweka mkono, ni kama mtu ameinuka sasa hivi."

"Naharibu mlango wako, mzee."

"Haribu. Fanya haraka."

Ufundi wote aliofundishwa ulikuwa wa kuondoa bonde. Sasa alitakiwa kulirudisha, lile lile, kina kile kile, na mikunjo yake. Alijifunga kitambaa machoni. Akaweka kiganja kwenye rangi yake nzuri. Akakumbuka ubavu wa Jeanne. Akapiga.

Bati lililia. Lilikuwa tupu.

Akapiga tena. Puti ikapasuka, ikamrukia usoni. Watu wa ghalani walitoka wakamwona mtu aliyefunga macho anaponda gari jipya la watu, na mwenye gari amesimama anatazama. Hakuna aliyecheka. Fidele alipiga, akapapasa, akapiga. Mkunjo wa kwanza. Bado. Umepinda sana. Akaurekebisha. Wa pili. Jasho lilichuruzika chini ya kitambaa. Alipofika mkunjo wa tatu, nyundo iligota.

Ile sauti nzito. Ile fupi.

Aliacha nyundo ikaanguka. Chini ya kiganja chake bati lilianza kupata joto.

"Toka," alisema bibi.

Aliegemeza tawi mlangoni, akainamisha kichwa kama mtu anayemwamsha mtoto. "Ntirampeba. Ngwino dutahe. Njoo twende nyumbani."

Majani ya tawi yalilala yote upande mmoja. Hapakuwa na upepo.

Bibi aliliinua tawi kidogo kwa mikono miwili, kana kwamba anapima mzigo. Akakunja uso.

"Mwepesi," alinong'ona.

Fidele alitaka kuuliza maana yake. Lakini bibi alikuwa amekwisha kuanza kuliburuta, na anayeburuta tawi hasemi wala hageuki. Wakamwangalia mpaka alipopotea kwenye kona ya barabara ya Busunzu. Vumbi alilolitimua lilikawia kutua.

Fidele alipofika nyumbani, Jeanne alikuwa jikoni anapika ugali. Ubavu wake ulikuwa mzima. Alimshika mkono mumewe, akauweka tumboni. "Hebu sikia. Anacheza mno."

Fidele alisikia. Alisikia teke upande wa kulia. Na kwa wakati ule ule, teke upande wa kushoto.

Akauondoa mkono polepole.

Siku zilipotimia Jeanne alijifungua mtoto wa kike, aliyelia vizuri, wakamwita Uwimana. Muuguzi, yule yule, alikuwa anakusanya vyombo vyake. Miezi yote alikuwa amepima mtoto mmoja, amesikiliza moyo mmoja. Akaweka mkono tumboni, akaviacha vyombo.

"Mama, usiinuke," alisema. "Yumo mwingine."

Wa pili alikuwa msichana pia. Hakulia. Alitoka amefumbua macho, akawatazama mmoja mmoja kama anayetafuta mtu anayemjua. Walimpa jina Niyonkuru. Uwimana alinyonya, yeye alifunga mdomo. Walimkamulia maziwa kwa kijiko, akayaacha yatiririke shavuni. Walirudi naye Heru Juu akiwa amenyauka, ngozi imelegea mifupani. Padri alikuja kumbatiza haraka. Fidele alikaa nje, anatazama nyuma ya nyumba, anatafuta mahali pa kuchimba kaburi la tatu. Aliomba Mungu. Alimwomba na Ntirampeba.

Mchana mmoja Bibi Niyibizi akaingia uani, vumbi hadi magotini, ana bunda mgongoni. Hakuna aliyempelekea habari.

"Mwiriwe," alisema. "Nimekuja kumwona mjukuu wangu."

Watoto walikuwa wamelala pamoja, wamefunikwa shuka moja hadi usoni. Hakuuliza ni yupi. Alimpita Uwimana, akamwinua Niyonkuru, akamweka begani.

"Mwanangu alikuwa na mimba changa," alisema bila kumtazama yeyote. "Tulikuwa hatujamwambia mtu. Yeye nilimpata pale mlangoni. Huyu alikuwa amekwisha kupata mahali."

Jeanne alinyoosha mikono. "Kwa hiyo unamchukua?"

"Nimchukue nikampe nini? Mimi maziwa sina." Alimnong'oneza mtoto kitu sikioni, kirefu, hakuna aliyekisikia, kisha akamrudisha kifuani mwa Jeanne. "Mnyonyeshe, mwanangu. Ndagusavye."

Mtoto akafungua mdomo.

Fidele hakurudi gerejini, ingawa Reverien alimtumia salamu kwamba nafasi yake ipo. Alisema kiganja chake kimeharibika. Alirudi kwenye mihogo, akaongeza shamba la maharage, na wasichana wote wawili wakakua. Ni binamu zangu; tumekula sahani moja.

Jambo moja Jeanne alimwambia mama yangu tu, na mama akaniambia mimi. Jioni ile, bibi alipoondoka, Jeanne alichukua shuka la watoto akalikung'uta mlangoni. Upande aliolala Uwimana palikuwa na mkojo, kama kawaida ya mtoto. Upande wa Niyonkuru zilidondoka punje za kioo cha gari, ndogo, za pembe nne, zisizokata. Akazifagia. Kesho yake akalikung'uta tena, zikadondoka nyingine.

Ziliendelea kudondoka mpaka mtoto alipoanza kutembea.