Maman Véronique Bado Anajibu

Asubuhi ile, jina la kwanza kutokea kwenye skrini ya Elikia lilikuwa la mama yake, na mama yake alikuwa ameshazama ziwani, akazikwa Nzahaha.

Elikia hakushtuka. Tangu msiba moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hata chai aliinywa bila kujua kama ina sukari. Programu iliyoonyesha majina hayo aliiandika mwenyewe. Kila mama anayevusha sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwenda Bukavu hutuma neno "niko", kisha mstari mmoja wa JavaScript, `bamama.filter(m => m.niko)`, unapitia safu ya majina, jina kwa jina, na kutoa waliojibu tu. Watu wa kompyuta huuamini mshale ulio katikati ya mstari huo kama wengine wanavyoamini hirizi. Jina la marehemu lilikuwa bado mle, maana matanga hayajaisha na mkono wa Elikia ulikataa kulifuta.

Mlango ukafunguliwa. Pasta Osée aliingia amemshika mkono Chloé, mdogo wake Elikia, aliyerithi beseni la mama la kubebea samaki. Alikuwa amemkuta ufukweni, maji yamemfika kiunoni.

"Yaya, Maman ananiita," Chloé alimnong'oneza mkubwa wake. "Anasema nishuke ku ziwa."

"Ile haiko mama yenu, ni jini," pasta alisema polepole. "Elikia, toa jina yake. Itabeba na huyu mutoto."

Akaanza kuomba, na chumba kikajaa harufu ya tope na samaki wabichi, simu ya Chloé ikaita bila kuonyesha namba, maji yakasikika yakidondoka mahali pasipo na bomba, na Elikia akaandika `bamama.filter(m => m.jina !== "Véronique")`, safu ikatoka bila jina la mama, na harufu ikakatika ghafla.

"Ameenda?" pasta akauliza.

"Ameenda, Pasta."

Alidanganya, na alijua. Filter haifuti mtu. Hutengeneza safu mpya pembeni, na ile ya zamani hubaki na wote waliokuwamo. Kumfuta mama yake kabisa kulimshinda.

Pasta alipotoka, Chloé aliinua kichwa.

"Aksanti, mutoto yangu," alisema kwa sauti ya Maman Véronique. "Umekula?"

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi Elikia alisikia kitu moyoni, na kilikuwa furaha. Akafunga mlango kwa ufunguo ili pasta asirudi. Hakuuliza Chloé ameenda wapi.