Silinda Iliyong'aa Kupita Kiasi

Majirani walimwita Bi Umeme, na jina lilimkaa. Kabla jua halijapanda juu ya mabati, alikuwa amekwishafagia, amechemsha chai, na yuko kwenye kitalu nyuma ya nyumba. Yeye na mumewe walikuwa na miche elfu tatu ya nyanya. Wakulima wangekuja kuichukua baada ya siku tisa.

Maji waliyavuta kisimani kwa pampu ndogo ya petroli. Wiki hiyo pampu ilianza vituko. Ilitoa moshi wa buluu, ilikunywa oili, na maji yalifika nusu ya matuta tu. Miche ya tuta la mwisho ilianza kuinamisha vichwa. Bi Umeme alipoiona, roho ilimuuma.

"Injini imechoka," alisema mumewe. Yeye alikuwa mtu wa taratibu, wa kufikiri kwanza. "Tuipeleke karakana."

"Karakana ya nini, baba watoto? Mikono si tunayo! Dukani wanauza mawe ya kusugulia silinda. Unayafunga kwenye drili, unasugua, unatia ringi mpya, kazi kwisha!"

"Umewahi kufanya?"

"Leo ndiyo naanza!"

Bi Umeme akishasema, amesema. Alinunua mawe na ringi, akaazima drili. Walifungua injini juu ya meza. Silinda ni lile shimo la mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ringi ni kama bangili za chuma. Pistoni huzivaa, nazo huizuia oili isipande juu ikaungua.

Bi Umeme alisugua kwa mawe. Ukuta wa silinda ukajaa mikwaruzo myembamba. Aliitazama, akakunja uso. Mwanamke huyu sufuria zake zilijulikana mtaa mzima. Ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Angeachaje silinda na mikwaruzo? Alichukua msasa laini, akasugua, akasugua tena, mpaka ikang'aa.

"Njoo uone!" aliita. "Unaweza kunyolea ndevu humu!"

Mumewe alichungulia, akacheka. Hata yeye alivutiwa.

Walitia ringi mpya, wakafunga injini. Bi Umeme alivuta kamba. Ikawaka! Alirukaruka, akampiga mumewe mgongoni, akamwambia, "Nilikuambia mimi!"

Nusu saa baadaye moshi ulirudi. Sasa ulikuwa mzito kuliko wa mwanzo. Jirani aliuliza kwa sauti juu ya ukuta, "Mnachoma nini huko?" Bi Umeme aliizima pampu, akabeba ndoo. Jioni hiyo walimwagilia kwa mikono mpaka viuno vikawauma, na bado tuta la mwisho halikupata maji.

Asubuhi waliifungua tena injini, wakaipeleka silinda karakana. Fundi wa pale alikuwa mama wa makamo, Fundi Miwani, aliyekereza vyuma kwa miaka mingi. Alichungulia silinda, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani ameipiga pasi hii silinda?"

"Mimi," alisema Bi Umeme. Uso ulimwaka kwa aibu. "Ilikuwa na mikwaruzo."

"Ile mikwaruzo ndiyo kazi yenyewe, dada yangu! Oili hukaa humo. Ringi mpya nazo hujikwangua humo mpaka zishikane vizuri na ukuta. Ukuta ukiwa kama kioo, ringi zinateleza tu. Oili inapanda, inaungua. Moshi wako ndio huo."

"Kwa hiyo nimeiua injini?"

"Ngoja kwanza. Kabla ya kusugua, mlipima?"

Mke na mume walitazamana.

"Hamkupima," alisema Fundi Miwani. "Silinda ikilika upande mmoja huwa kama yai. Mawe ya drili hayaondoi uyai. Yanafuata shimo lilivyo. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Lazima ichongwe hapa kwa mashine, na itiwe pistoni kubwa zaidi. Pistoni kuagiza ni siku tano."

Siku tano! Bi Umeme aliliona tuta la mwisho limekauka kabisa.

Fundi aliingiza kipimo ndani ya silinda. Alipima juu, katikati na chini. Kila mahali alipima mara mbili, mbele kwa nyuma na kushoto kwa kulia. Bi Umeme hakukaa akakalika. Fundi alilinganisha vipimo vyote sita na kitabu cha injini.

"Haya," alisema. "Imelika kidogo tu. Haijafikia kikomo. Silinda yako inasuguliwa nyumbani!"

Bi Umeme alipiga kelele, mafundi wote wakageuka.

"Lakini sikiliza," Fundi Miwani alisema huku akicheka. "Isugue ikiwa peke yake, haina pistoni wala kitu kingine. Tia oili nyepesi. Drili iende polepole, na mkono upande na kushuka bila kusimama, ili mistari ipishane kama nyuzi za chekeche. Nusu dakika, utazame. Kisha ioshe kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Petroli peke yake haitoshi. Unga wa mawe ukibaki, utazila ringi zako zote."

"Nitajuaje imetakata?"

"Futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na weusi, osha tena. Ikitakata, ikaushe na uipake oili papo hapo, isishike kutu. Na msasa wako mwachie seremala!"

Aliwauzia ringi nyingine, maana zile zilikuwa zimeng'aa, akazipima ndani ya silinda kuona kama mwanya kati ya ncha za kila ringi ni sawa, akawaagiza injini ikiwaka waipe kazi mara moja ili ringi zishike.

Nyumbani, mume alishika saa, mke akashika drili. Mistari ilijitokeza, ikapishana vizuri. Mkono ulimwasha Bi Umeme kutaka kuisugua tena ing'ae.

"Mke wangu!" alisema mumewe.

"Siigusi! Siigusi!"

Aliosha mara tano. Kitambaa cha tano kilitoka cheupe.

Waliipaka oili, wakaifunga injini, na saa tisa alasiri Bi Umeme akavuta kamba. Injini iliwaka, ikatoa moshi kidogo, halafu moshi ukakatika. Hawakuiacha ingurume bure. Waliipa kazi palepale, kama fundi alivyoagiza. Maji yalipita tuta la kwanza, la tano, la kumi. Bi Umeme aliyakimbiza pekupeku, akiyaita kama mtu anayeita mgeni. Yalipofika tuta la mwisho alikuwa na tope mpaka magotini, anacheka na machozi yanamtoka.

Asubuhi miche ilikuwa imeinua vichwa.

Siku ya tisa wakulima walikuja. Wa kwanza alipita matuta yote mpaka la mwisho. Akang'oa mche mmoja, akatazama shina na mizizi yake.

"Huu umeonja kiu, ndiyo maana shina lake ni gumu," alisema. "Nipakilieni tuta hili lote."

Bi Umeme alikuwa amekwishaleta makreti.