Sauti Iliyobaki Nyumbani

Kila siku ya kazi Dévote alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikwenda kwa miguu hadi kituo cha treni cha Doonside, pembezoni mwa Sydney, Australia, sare ya kazi ikiwa chini ya koti. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha uji, kuwageuza kitandani. Alirudi saa tisa na nusu alasiri, miguu imevimba kama maandazi.

Nyumbani aliacha watu wawili. Mmoja ni kaka yake Siméon, ambaye alisafisha ofisi mjini usiku na kulala mchana. Wa pili ni binti yake Akimana, mwenye umri wa miaka tisa.

Akimana alikuwa haendi shule tena. Darasani wenzake walimcheka alipokosea kusoma, naye akaacha kusema kabisa. Kila Jumatatu tumbo lilimuuma. Dévote akasema moyoni, "Nitamfundisha mwenyewe." Hakumwambia mwalimu wala jirani. Alimbakisha nyumbani tu.

Lakini atamfundishaje, naye yuko kazini? Dévote alisoma katika kambi ya wakimbizi, Kigoma, Tanzania. Walikuwa watoto mia moja katika darasa moja, na vitabu hakuna. Mwalimu alisema, watoto wakaitikia. Hiyo ndiyo shule aliyoijua. Basi Jumapili moja, baada ya kanisa, alikaa jikoni akarekodi sauti yake kwenye simu ya zamani. Aliuliza swali, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Vizuri sana, mwanangu. Haya, jingine." Alirekodi masomo ya wiki nzima.

Wiki ya tatu, jioni moja, Siméon aliamka akakaa mezani na kikombe cha chai. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, leo ulirudi mchana?"

"Nirudi vipi? Nilikuwa kazini."

"Nilikusikia unaongea."

Dévote akacheka. "Si ile simu! Mwanamume mzima unaogopa simu?"

"Simu naijua." Siméon akapunguza sauti. "Lakini nilipotoka chumbani, Akimana alikuwa amelala sakafuni, usingizi mzito. Na wewe ulikuwa unamsifu."

Kicheko cha Dévote kikakatika.

Alhamisi aliomba ruhusa, akarudi saa sita mchana. Mtaa ulikuwa mtupu. Kasuku weupe wenye kishungi walijipanga juu ya waya wa umeme, na siku hiyo hawakupiga kelele. Mapazia ya nyumba yake yalikuwa yamefungwa. Alipoingiza ufunguo mlangoni, alisikia mwanamke anazungumza ndani.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na nne," mtoto akajibu.

"Vizuri sana, mwanangu. Haya, jingine."

Ilikuwa sauti yake, laini, isiyochoka. Ilikuwa inakubali kosa.

Aliingia. Akimana alikaa gizani akiitazama simu, mgongo umenyooka.

"Akimana."

Mtoto hakugeuka.

"Akimana! Mimi nimerudi."

Akimana akaweka kidole mdomoni. "Shh," akasema. "Mama anafundisha."

Dévote aliizima simu. Akimana akaendelea kuikodolea macho, kana kwamba mtu ametoka na atarudi. Alipoulizwa kama ana njaa, hakujibu. Alingoja sauti ile nyingine.

Dévote alimshika mkono wakaenda nyumba ya pili, kwa Peninah. Peninah alikuwa muuguzi kutoka Kenya. Mwanawe Tevin alisoma nyumbani miaka miwili kabla ya kurudi shuleni. Alimsikiliza Dévote hadi mwisho, huku akimkatia Akimana mkate.

"Mama Akimana, haki ya Mungu! Na shule wanajua?"

"Hapana."

"Basi hapo ndipo umeanza vibaya. Kusomesha mtoto nyumbani si kosa, lakini ni lazima usajiliwe kwanza na ofisi ya elimu ya serikali ya jimbo. Maombi ni bure. Mpaka ukubaliwe, mtoto aendelee kwenda shule. Kesho nenda ukaongee na mwalimu mkuu, mwambie pia wanavyomcheka."

"Na baada ya maombi?"

"Unaandika mpango wa masomo, kufuata mtaala wa hapa. Halafu afisa anakuja kuuona."

Dévote akashtuka. "Afisa, nyumbani kwangu? Kambini, mtu wa serikali akiingia nyumbani, alikuja kuhesabu watu au kuwahamisha."

"Wacha hizo! Huyu anakunywa chai. Anataka kujua utafundisha nini, saa ngapi, na utaweka wapi kumbukumbu za kazi ya mtoto. Na si lazima masaa yawe ya shule. Badilisha zamu, ufundishe asubuhi." Akamtazama Akimana. "Tena mtoto hafundishwi na kitu kisichomsikia. Akikosea, lazima kuwe na mtu wa kukunja uso. Akilala, mtu wa kumfunika."

Akimana alirudi shuleni, na mwalimu mkuu akamhamisha darasa. Dévote alifuta masomo yote yaliyokuwa kwenye simu. Hata hivyo, kwa siku nyingi mtoto alipoulizwa jambo alitazama kwanza pale simu ilipokuwa. Dévote aliuliza tena, polepole, akisubiri macho yarudi kwake.

Dévote alituma maombi ya usajili, akapata zamu ya kuanzia saa tisa alasiri. Siméon alikubali kuamka saa nane, akae na mtoto mpaka mama yake arudi usiku, ndipo naye aende kazini.

Siku ya afisa ikafika. Alikuwa mama mwenye miwani, akaketi jikoni. Dévote alimwonyesha daftari na mpango, kisha akaeleza wanavyofanya hesabu Jumamosi kwa ratiba ya treni.

"Treni ya saa nne na dakika hamsini, mwendo ni dakika ishirini na tano. Tunafika saa tano na dakika tano."

"No, Mama," Akimana akasema. "Kumi na tano."

Dévote akahesabu kwa vidole. "Kweli. Nimekosea mimi."

Afisa akamwuliza mtoto, "Hesabu hizi nani amekufundisha?"

Macho ya Akimana yalizunguka chumba, taratibu, yakapita rafu, yakapita dirisha.

"Mama," akasema, akanyoosha kidole. "Yule pale. Leo amechoka tu."

Barua ya usajili ilikuja baada ya wiki chache. Akimana aliisoma kwa sauti mezani. Alipofika kwenye neno asilolijua, alisimama, akamgeukia mama yake, akamwuliza.