Suruali ya Mwalimu Breki

Jua lilikuwa linazama Mwalimu Breki alipokwenda kuchukua suruali yake kwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa udereva. Gari lake la mafunzo lilikuwa na breki mbili, ya dereva na ya mwalimu, na ole wake mwanafunzi atakayemfanya mwalimu akanyage ya kwake! Yule fundi naye alikuwa mwanafunzi wake, na alishamfelisha mara tatu. Mguu wa mama wa watu haukujua kukanyaga mara moja. Ulidundadunda, kama ulivyozoea kwenye mashine.

"Hili ni gari, mama, si cherehani!" alimfokea siku moja mbele ya wenzake, wakacheka mpaka machozi. "Kanyaga mpaka chini!"

Duka lilikuwa limefungwa.

"Ametoka kwa miguu, anakuletea mwenyewe," alisema jirani muuza vocha. "Mtapishana njiani."

Mwalimu akasonya. Akageuza gari, akashika njia ya mkato nyuma ya maghala, kwa mwendo ambao mwanafunzi angetukaniwa mpaka mama yake mzazi. Simu ikalia. Akainamisha macho kuitazama...

Puu!

Kisha kimya.

Kwenye kioo aliona kitambaa cha maua pembeni mwa njia. Kitambaa kikasogea. Miaka kumi na minne alikuwa akiwakaririsha watu: ukigonga mtu, simama, zima injini, washa taa za tahadhari, mwangalie aliyeumia, piga simu, usiondoke. Aliyesahau hata moja alirudia somo. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwalimu wa udereva aliyegonga mtu, nani atamwachia leseni? Aliogopa, huo ndio ukweli wake. "Wapita njia watamwona," alijiambia, akakanyaga mafuta.

Mita mia hakufika.

Gari lilisimama ghafla, paji lake la uso likagonga usukani. Mguu wake haukuwa kwenye breki. Polepole akageuza shingo. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Chini mbele yake, breki ya mwalimu ilikuwa imelala sakafuni.

Ikainuka. Ikashuka. Ikainuka...

Dun-dun-dun-dun.

Kama mtu anayeshona pindo.

Mwalimu aliujua mguu ule. Gari zima lilinuka mafuta ya mashine na udongo mbichi, na ndani yake mlikuwa na pumzi isiyo yake, ya mtu anayevuta hewa kwa taabu.

"Hatua ya kwanza, mwalimu?" Sauti ilinong'ona sikioni.

"Ku... kusimama."

"Ulisimama?"

Mwalimu akatazama kioo.

"Bado napumua. Rudi."

Taa za tahadhari zikawaka zenyewe. Ilikuwa kugeuza gari tu, na mama yule angekuwa hospitali kabla giza halijaingia. Lakini hofu ilikuwa imeshageuka hasira.

"Toka garini mwangu!" alifoka. "Nani alikutuma upite huku? Suruali ningeifuata mwenyewe!"

Akakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote. Injini ikanguruma, magurudumu yasizunguke. Breki ile nyingine ilikuwa sakafuni.

"Rudi... mwalimu..."

Pumzi moja. Akasubiri. Akasubiri... nyingine, ndogo zaidi.

Akafungua mlango, akakimbia. Si kule alikolala mama. Alikimbilia nyumbani kwake. Nyuma alisikia breki ikidunda kwa kusuasua. Dun... dun...

Kisha haikusikika tena.

"Gari liko wapi?" mkewe aliuliza.

"Limeharibika," alijibu, akajifungia chumbani.

Askari walikuja asubuhi. Walikuwa wamelikuta gari njiani, taa bado zinawaka. Na marehemu alikutwa amekumbatia mfuko: suruali mpya, imepigwa pasi, na kikaratasi kimebanwa kiunoni kwa pini. *Ya Mwalimu Breki.*

Kituoni, mpelelezi aliandika maelezo bila kuinua kichwa.

"Daktari anasema alichukua kama nusu saa kukata roho. Angepata wa kumkimbiza..." Akasita. Akaweka kalamu chini, akapunguza sauti. "Kuna jambo hatulielewi. Pale alipolala ni kokoto tupu, ardhi ngumu, jembe lenyewe linadunda. Lakini kisigino chake cha kulia kilikuwa kimechimba shimo. Mguu umezama mpaka hapa." Akaonyesha juu ya kifundo. "Alikuwa anakanyaga nini yule mama?"



Mpelelezi akarudi kwenye karatasi zake. Baada ya muda akakunja uso.

"Wewe, acha kudundisha mguu. Ninaandika."

Mwalimu akatazama chini ya meza. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu, haraka haraka, kwa mpangilio. Akaushika kwa mikono miwili. Akaukandamiza kwa uzito wake wote.

"Nimesema acha!"

"Siyo mimi, afande," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Wallahi, siyo mimi."