Raheli Alipogeukia Ukuta

Raheli na mumewe Eliufoo waliishi milimani upande wa Mbaga, mahali ambapo barabara ya kwenda Same huteremka kwa kona nyingi. Walikuwa na migomba, kahawa kidogo, na shamba la tangawizi kando ya mfereji. Watoto wao walikuwa wameshaondoka. Mkubwa, Yona, alikuwa Dar es Salaam. Nyumbani walibaki wazee wawili.

Miaka ya foleni za sukari na sabuni ilikuwa imepita. Maduka ya Same yalijaa vitu tena, na kila mwenye nguvu alifanya biashara. Raheli hakubaki nyuma. Siku za gulio alipanda lori na ndizi zake na tangawizi, akauza sokoni karibu na rafiki yake Mwamvita, muuza mitumba. Jioni alirudi na habari za mji mzima. Eliufoo alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa jikoni akila makande huku mkewe akisimulia. Majirani walipomshauri anunue redio, aliwajibu kwamba anayo, na haihitaji betri.

Jambo moja hawakulitilia maanani. Raheli alikuwa na presha, yaani shinikizo kubwa la damu. Redempta, muuguzi wa zahanati, alimpima na kumpa vidonge vya kumeza kila siku. Raheli alivimeza mpaka kichwa kilipoacha kuuma. Kisha vidonge vikakosekana kwa muda, naye hakurudi kuulizia. Alimwambia mumewe kwamba mtu asiyeumwa hana sababu ya kumeza dawa. Eliufoo aliona ni kweli.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado umetanda, Raheli alikuwa akichambua maharage. Mara sinia likamponyoka. Eliufoo alipomtazama, aliona mdomo wake umekwenda upande. Raheli alitaka kusema kitu, lakini maneno yakatoka yamevurugika kama ya mlevi. Mkono wake wa kulia ulining'inia tu.

Elinaza, dada yake Eliufoo, aliishi nyumba ya jirani. Alikuwa mjane mwenye sauti ya amri, na watu walizoea kumtii. Alifika, akasema ni upepo mbaya umempitia wifi yake. Wakamkanda kwa maji ya moto. Wakamnywesha chai, na chai ikampalia, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Wakangoja apate nafuu. Jua likazama bila nafuu yoyote.

Kesho yake vijana walimbeba kwa machela hadi barabarani, na lori likamfikisha hospitali. Daktari alisema ni kiharusi. Alimweleza Eliufoo kwamba mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na sehemu ya ubongo imeumia. Presha isiyotibiwa ndiyo huleta hayo mara nyingi. Alisema mtu akipinda mdomo ghafla, au akilegea mkono au mguu wa upande mmoja, au maneno yakimvurugika, asingojewe. Alazwe kwa ubavu. Asipewe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa vibaya. Apelekwe hospitali saa ileile. Na akishapona asiache dawa za presha, hata akijisikia mzima.

Eliufoo alisikiliza ameinamisha kichwa. Alikuwa akiifikiria ile chai.

Walirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Raheli aliweza kuketi, na akishikwa aliweza kusimama. Mguu wa kulia aliuburuta, na mkono haukuwa na nguvu. Alielewa kila kitu, lakini maneno yalimjia polepole, moja moja.

Eliufoo aliamua moyoni kwamba mkewe hatagusa kazi tena. Mwanamume ambaye hakuwahi kuinjika sufuria akajifunza kupika uji. Alimwogesha Raheli, akamvalisha, akamgeuza kitandani ili asipate vidonda. Raheli aliponyoosha mkono wa kushoto kuchukua kijiko, alimwambia, "Wewe kaa tu, mama Yona. Mimi nipo." Kijiji kizima kilimsifu.

Wageni nao walikuja. Walimsalimia mgonjwa, kisha wakamgeukia Eliufoo kumwuliza kama mama anakula, kama analala, kama anatambua watu. Raheli alipoanza kujibu, mtu alimmalizia neno. Baada ya muda akaacha kuanza.

Kisha akaacha na mengine. Alikula vijiko viwili, akafunga mdomo. Alfajiri Eliufoo alimkuta macho wazi, mto umelowa. Kanisani hakutaka kupelekwa. Kutwa nzima alilala amegeukia ukuta. Elinaza alisema amerogwa na watu walioona wivu juu ya biashara yake, na kwamba yeye anamjua mganga kule tambarare. Siku nyingine alisema ni uzee tu, wifi amekuwa mtoto, akili imekwenda. Alisema hayo akiwa amesimama hatua mbili kutoka kitandani.

Eliufoo hakujua ashike lipi. Alikuwa amechoka. Shamba lilimea magugu, na usiku hakulala vizuri. Siku moja Raheli alipokataa uji kwa mara ya tatu, aliweka bakuli chini kwa nguvu.

"Mama Yona, mbona hata hujaribu?"

Raheli hakugeuka. Alisema kwa taabu, "Ningekufa… siku ile… ungepumzika."

Eliufoo alitoka nje. Alisimama kwenye migomba, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu alipomzika mama yake. Alipomaliza alinawa uso, akamwomba jirani aketi na Raheli, akaenda zahanati.

Redempta alimwamkia. Eliufoo aliitikia. Alisema amekuja kuulizia vidonge vya presha. Alipewa vidonge, lakini akabaki amekaa kwenye benchi. Redempta akafunga mlango, akaketi karibu naye. Ndipo Eliufoo akayatoa yote: uji, ukuta, na yale maneno.

Redempta alikwenda naye nyumbani siku hiyohiyo. Hakumwuliza Eliufoo kitu. Alivuta kigoda mpaka kando ya kitanda, akainama ili Raheli amwone usoni.

"Shikamoo, mama."

Mdomo wa Raheli ukahangaika kidogo. "Marahaba."

"Mama, siku hizi unalalaje?"

Elinaza, aliyekuwa mlangoni, akafungua mdomo ili ajibu. Redempta alimwinulia kiganja kwa adabu. Wakangoja. Kuku alipita chini ya kitanda. Eliufoo alitambua kwamba tangu watoke hospitali hakuna mtu aliyemwuliza Raheli swali akangoja jibu lake.

"Silali," Raheli akasema. "Nafikiri. Mimi… mzigo."

Maneno yalianza kutoka, machache machache, pamoja na machozi. Redempta alimwuliza na mengine. Je, anakumbuka gulio ni siku gani? Raheli alijibu sawasawa. Je, anakumbuka wajukuu wake? Aliwataja wote, isipokuwa mmoja ambaye jina lilimkwama kwenye ulimi, akaonyesha kwa kidole kimo chake. Mwisho Redempta alimwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Raheli alitikisa kichwa kukataa. Alisema anatamani tu kulala asiamke.

Ndipo Redempta akawageukia wale wawili.

"Mama hajapoteza akili, na hajarogwa," alisema. "Wapo wazee wanaopata ugonjwa wa kusahau. Wanapotea njia, wanasahau watoto wao. Huo nao ni ugonjwa, si laana wala utoto, na wanahitaji kutunzwa kwa heshima. Lakini huu wa mama ni mwingine. Ni ugonjwa wa huzuni. Madaktari wanauita sonona."

Elinaza aliuliza huzuni inawezaje kuwa ugonjwa, wakati kila mtu ana huzuni zake.

"Huzuni ya kawaida hupungua, mama. Hii haipungui. Inaondoa usingizi, inaondoa hamu ya kula, inamfanya mtu aone kwamba hafai kitu. Wengi waliopata kiharusi huipata, kwa sababu ubongo umeumia na maisha yamegeuka ghafla. Kumwambia ajikaze ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu akimbie."

Eliufoo aliuliza amekosea wapi, kwa kuwa amefanya kila kitu.

Redempta alimjibu kwa upole. "Umemtunza vizuri sana, baba. Kitandani hana hata kidonda kimoja. Sasa mrudishie kazi yake. Mkono wa kushoto ni mzima, mwache ale mwenyewe akiwa ameketi wima, hata akimwaga. Ule wa kulia usiuvute, ila uunyooshe na kuukunja taratibu kila siku. Mwulize mambo ya nyumba hii, halafu ungoje. Akisema tena maneno ya kufa usimkemee. Msikilize, usimwache peke yake, uje kutuambia. Na twende naye kwa daktari. Zipo dawa za huzuni. Hazifanyi kazi kwa siku moja, zinachukua wiki kadhaa, lakini zinasaidia."

Kisha akamtazama vizuri. "Na wewe, baba, unalala?"

Eliufoo alifikicha macho. Redempta akamwambia Elinaza kwamba mtunzaji naye huchoka, na kwamba mara mbili kwa wiki mtu mwingine akae na mgonjwa ili kaka yake aende shambani. Elinaza alikubali bila kubisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Daktari alimpa Raheli dawa. Wiki za kwanza hazikuonyesha mabadiliko, na Eliufoo alikaribia kukata tamaa. Lakini alishika maagizo. Kila asubuhi alimtoa mkewe nje penye jua, akauchukua mkono wake wa kulia, akaukunja na kuunyoosha polepole. Hakuwahi kuushika mkono huo kwa muda mrefu kiasi kile tangu walipokuwa wachumba. Alimwambia hivyo, akaona haya. Raheli alimtazama tu, lakini siku hiyo aliporudishwa kitandani hakugeukia ukuta.

Halafu siku moja Eliufoo alipika makande. Alimweka Raheli jikoni, akamwuliza atie nini kwanza. Raheli alisema mahindi. Eliufoo alikuwa ameshatia maharage. Akauliza chumvi kiasi gani, na kabla hajajibiwa akachota kiganja kizima.

"Kidogo," Raheli alisema. "Presha… baba Yona. Unataka… kuniua?"

Eliufoo aliduwaa na chumvi mkononi. Kisha akaona mdomo wa mkewe, ule uliopinda, unatetemeka. Alikuwa anacheka. Eliufoo naye akacheka mpaka akaketi chini kwenye majivu. Makande yaliungua, nao wakayala hivyohivyo.

Mwamvita alipanda mlima na lori siku iliyofuata gulio. Alikuwa ameogopa kuja, alisema, kwa sababu aliambiwa shoga yake hatambui mtu. Aliketi kitandani, akamshika Raheli mkono dhaifu, akasema, "Sikuja kutoa pole. Nimekuja kuchukua ushauri. Yule mnunuzi wa tangawizi wa Moshi, nimwamini au nisimwamini?"

Raheli alifikiri muda mrefu. "Usimwamini," alisema.

Walizungumza hadi lori likapiga honi barabarani.

Mvua za vuli zilipokuja, Raheli alikuwa akitembea kwa mkongojo kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji. Uso ulianza kujaa. Kulikuwa na siku mbaya, akakataa kutoka, na Eliufoo akajifunza kuketi naye bila kusema kitu mpaka siku hiyo ipite. Vidonge vya presha alivimeza kila asubuhi kabla ya chai, na vilipokaribia kwisha Eliufoo aliteremka mwenyewe hadi Same kuvifuata.

Mwaka uliofuata Redempta alimwomba Raheli aongee na akina mama kanisani, baada ya ibada. Raheli alikubali, kisha akaogopa, kisha akaenda. Alisimama ameegemea mkongojo. Watu wakamngoja.

"Mwili wangu," alisema, "uliugua upande mmoja. Moyo… uliugua pande zote. Walionitazama… waliona mkono tu." Alipumzika. "Mkiwa na mzee nyumbani… mwulizeni. Halafu… mngoje."

Hakusema zaidi ya hapo, na ilitosha.

Wakati wa kurudi, Elinaza alimshika wifi yake mkono kwenye mteremko. Eliufoo alifuata nyuma amebeba kigoda. Alimsikia dada yake akizungumza kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuijua.

"Wifi, mimi tangu mume wangu afariki, asubuhi naamka nimechoka. Chakula hakina ladha. Napiga kelele mchana kutwa ili watu wasinione. Usiku nalia."

Raheli alisimama. Alimtazama Elinaza usoni, midomo yake ikitafuta maneno. Eliufoo aliyajua maneno aliyoyatafuta. Alimwacha ayatafute mwenyewe.

"Kesho," Raheli alisema mwishowe. "Twende… kwa Redempta. Mimi… na wewe."

Elinaza alifuta macho kwa upindo wa kanga, akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi Eliufoo alisimama mlangoni akiwatazama. Mmoja aliburuta mguu, mwingine akapunguza mwendo ili walingane. Njia ya zahanati ilikuwa na utelezi. Walichukua muda mrefu kupotea nyuma ya migomba, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.