Mtoto wa Kuazima

Asubuhi za Mafinga zina baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa. Kila siku Shufaa aliwasha jiko la mkaa mapema, akabandika chai ya rangi. Nyumbani kwake chai haikukosekana. Asubuhi waliinywa na maandazi, mchana na ugali, jioni na wali. Hata Nusrat, binti yao mdogo, alikuwa na kikombe chake cha plastiki.

Mumewe, Yunusu, alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani, na maranda ya mbao yaliingia hadi kwenye sukari.

"Mama Nusrat," alisema Yunusu, "haya ni maandazi yenye maranda, au maranda yenye maandazi?"

"Kula hivyohivyo. Mbao ni zako."

Nusrat alikuwa amejikunja kwenye mkeka, ndani ya sweta. Watoto wa rika lake walikuwa nje wakifukuza kuku. Yeye akikimbia kidogo tu, alikaa chini akihema. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Mara nyingi alikutwa akibandua udongo wa ukutani na kuula. Shufaa aliyaona yote hayo, na yalimuuma. Lakini watu wakiuliza, alijibu haraka, "Huyu ni mpole tu. Kamfuata baba yake." Kliniki aliacha kumpeleka tangu alipomaliza chanjo. Aliogopa akina mama wenzake wangemcheka kwenye mizani.

Siku moja mwenyekiti wa mtaa, mzee Timotheo, alipiga hodi. Alikuwa na haraka zake.

"Mama Nusrat, nyumba yako imechaguliwa."

"Imechaguliwa na nani, mzee?"

"Na serikali. Kuna utafiti wa afya wa nchi nzima. Wataalamu wanakuja Alhamisi. Watauliza maswali, watapima watoto. Mtaa huu zimetoka nyumba chache tu, na yako imo."

Akaondoka. Shufaa alibaki na neno moja tu kichwani: imechaguliwa. Mwaka uliopita mtaa ulifanya shindano la usafi, na nyumba bora ilipewa beseni na ndoo. Yeye alikosa kwa sababu ya maranda ya Yunusu. Sasa serikali nzima imeiona nyumba yake. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha.

Hadi mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Shufaa alisugua sakafu mpaka mikono ikauma. Aliazima mapazia kwa wifi yake. Aliazima glasi kwa jirani yake, Matilda. Nyumba ilipendeza. Kisha macho yake yakamwangukia Nusrat, amelala mchana kweupe, midomo imepauka. Furaha yote ikamwisha.

Alirudi kwa Matilda.

"Mama Vitus, naomba uniazime kitu kimoja tena."

"Glasi zimekwisha, mwenzangu."

"Si glasi. Niazime Vitus."

Matilda alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Vitus alikuwa rika moja na Nusrat, ana mashavu ya kujaa na mguu imara.

"Mtoto anaazimwa kama ungo?"

"Asubuhi moja tu. Wakimwona Nusrat watasema simlishi mwanangu. Nitaficha wapi uso wangu?"

Matilda aliacha kucheka. Alimwonea huruma. "Haya, mchukue. Ila huyu anakula. Usije kulalamika."

Alhamisi ilipofika, Nusrat alipelekwa kwa Matilda, na Vitus akakalishwa kwenye kochi na andazi mkononi. Yunusu hakujua lolote. Alikuwa uani na randa yake.

Wataalamu walikuja wawili. Mwanamke aliitwa Mbuke. Wazazi wake ni wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, na yeye alisoma Mbeya. Alikuwa na kishikwambi cha kuandikia majibu. Mwenzake, Edmund, alibeba mizani, ubao wa kupimia urefu na kimashine cha kupimia damu.

"Kamwene," alisalimia Mbuke kwa Kihehe. Alipoona kanzu ya Yunusu imetundikwa, akaongeza, "Asalamu alaikum."

"Waalaikum salaam. Karibuni, karibuni sana."

Mbuke alionyesha kitambulisho chake. Hakuanza kuuliza. Kwanza alieleza.

"Mama, utafiti huu ni wa hiari. Ukitaka kukataa, unakataa. Swali usilolipenda, unaliruka. Utakayosema ni siri. Jina lako halitaandikwa kwenye ripoti yoyote. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Asante. Sasa nitajie wote wanaoishi hapa, na wote waliolala hapa jana."

"Mimi, na mume wangu, na... huyu hapa." Shufaa alimwonyesha Vitus kwa kidevu.

Mbuke alimtabasamia mtoto. "Jana ulilala hapa, baba?"

"Nililala kwetu," alisema Vitus, andazi limejaa mdomoni. "Kwa mama. Nusrat ndiye analala hapa."

Shufaa alitamani ardhi ipasuke immeze. Wakati huohuo Yunusu aliingia, maranda yamejaa nyweleni. Alimtazama Vitus, akamtazama mkewe.

"Nusrat yuko wapi?" aliuliza.

Shufaa alionyesha kwa mkono nyumba ya Matilda. Mbuke alikiweka kishikwambi pembeni, akavuta kigoda karibu na Shufaa. Hakumkaripia.

"Mama, ulidhani tumechagua nyumba nzuri?"

"Mzee Timotheo alisema imechaguliwa."

"Imechaguliwa kama bahati nasibu. Hakuna aliyekuja kuchungulia. Hebu nikuulize. Ukipika maharage, unajuaje kama yameiva?"

"Naonja."

"Unaonja sufuria nzima?"

"Aka. Nakoroga, nachota machache."

"Unachagua yale yaliyopasuka vizuri?"

Shufaa alianza kuelewa. "Nikichagua hayo nitajidanganya. Nitaepua, watu wale maharage mabichi."

"Ndiyo kazi yetu hiyo. Hatuwezi kupima watoto wote wa Tanzania, kwa hiyo tunachota nyumba chache popote. Nyumba yako inasema kwa niaba ya nyumba nyingi ambazo hatutazifikia. Ukinipa mtoto wa jirani, ripoti itasema watoto wa huku hawana shida. Dawa na wahudumu watapelekwa kwingine."

"Basi nendeni kwa Mama Vitus. Nyumba yake na yangu zinatazamana."

"Haturuhusiwi kubadilisha. Nyumba iliyotoka ndiyo hiyohiyo. Wewe una haki ya kukataa, na hakuna atakayekuuliza. Lakini badala yako hatuweki mwingine."

Shufaa angeweza kukataa, na aibu ingeishia hapo. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mkimpima mtoto, mtajua nini?"

"Uzito, urefu, na damu. Tunachukua tone moja kwenye kidole. Jibu la damu tunakupa hapahapa."

Hapahapa. Miezi yote ile Shufaa alikuwa akilala na swali moja, mwanangu ana nini, na jibu lilikuwa kwenye kimashine kidogo mezani pake. Alisimama. Hakuvaa hata viatu. Alikimbia hadi kwa Matilda, akarudi na Nusrat kifuani.

Yunusu alimpakata binti yake. Edmund alimchoma kidole, Nusrat akalia kidogo, kisha akanyamaza. Wote wakasubiri. Mbuke alisoma namba, uso wake ukawa makini.

"Damu ya mtoto iko chini sana. Huu ni upungufu wa damu. Nawaandikia barua ya rufaa, na msisubiri kesho. Nendeni kituo cha afya leo."

Shufaa alilia. Alilia kwa uchungu, na alilia kwa kuwa mzigo umetua. Ugonjwa sasa ulikuwa na jina.

Kituoni muuguzi alimpima tena Nusrat. Alimkuta na minyoo pia. Alimpa dawa ya minyoo na dawa ya maji ya kuongeza damu, akampangia tarehe ya kurudi. Kisha aliuliza wanakula nini.

"Ugali, maharage, mboga," alisema Shufaa. "Na chai ya rangi. Huku baridi, dada. Mtoto anapata joto."

"Chakula chenu si kibaya. Chai ndiyo inayowaharibia. Inauzuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Mtoto mdogo kama huyu asinywe kabisa. Mpe uji au maziwa apate joto. Kwenye mlo ongeza dagaa, na maini mkipata. Mboga za majani zisikosekane, na chungwa baada ya kula. Dawa msiikatize hata akichangamka."

Yunusu alikuwa akisikiliza kwa makini. "Na mimi chai yangu?"

"Wewe kunywa, baba, ila acha mlo upite kwanza."

Shufaa hakukatiza dawa. Taratibu midomo ya Nusrat ilianza kupata rangi. Udongo aliuacha. Asubuhi moja Shufaa alisikia kelele uani, akatoka mbio akidhani kuna aliyeumia. Nusrat alikuwa juu ya rundo la mbao, anaimba, na Yunusu yuko chini anambembeleza ashuke. Shufaa alishindwa kumkaripia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Baada ya muda ripoti ilitoka, na wataalamu waliileta kwenye mkutano wa mtaa. Mbuke alikuwepo. Alibandika michoro ukutani, akaeleza kwamba watoto wengi wa huku wana upungufu wa damu, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Watu wakaguna. Mzee mmoja wa kiwanda cha mbao akasimama.

"Takwimu hizi zimepikwa ofisini. Watoto wa Mafinga wanakula vizuri. Nani hapa amemwona mtoto asiye na damu?"

Watu wakapiga makofi. Mbuke alitazama watu wote sawasawa. Hakumtazama Shufaa hata mara moja. Siri ilikuwa siri.

Hakuna aliyemlazimisha Shufaa. Alisimama.

"Hazikupikwa, mzee. Humo ndani mmoja ni wangu. Nilitaka kumficha. Ningemficha, pengine leo ningekuwa namlilia."

Mama mmoja akauliza dawa zinapatikana wapi. Mwingine akauliza kama kupima kunauma. Maswali yakaja kwa fujo, na Mbuke akashindwa aanze na lipi.

Mkutano ulipovunjika, yule mzee alimfuata Shufaa mlangoni, kofia mkononi.

"Mama," alisema polepole, "nina mjukuu. Analala mchana kutwa. Nimpeleke lini?"

"Kesho asubuhi, mzee. Nitakuja kuwapitia, twende wote."